Jicho na Upofu Wake

Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini anayetengeneza jicho lazima aamue: litaona nini, na litakubali kutoona nini? Swali hili nimelikuta mahali sikutarajia, kwenye CIMR, radiometa ya mikrowevu ambayo Shirika la Anga za Juu la Ulaya, ESA, linaiunda ili ichunguze bahari na barafu ya Aktiki.

Radiometa haimuliki chochote, inapokea tu. Kila chenye joto hutoa mawimbi hafifu, hata barafu. Tena barafu ya bahari hutoa mikrowevu kwa nguvu kuliko maji yaliyo wazi, kwa hivyo ukiitazama kutoka angani inang'aa na bahari inafifia, hata mawingu yakitanda, hata ule usiku wa miezi. Poa sana. Shida inaanza ukitaka kuona vizuri.

Masafa ya chini, kama gigahezi 6.9, hukuambia joto la maji hata kwenye bahari baridi. Lakini mawimbi yake ni marefu, na picha inatoka na ukungu mpaka upanue dishi. AMSR2 ya Japani, iliyorushwa 2012, ina dishi la mita 2. CIMR itabeba dishi la wavu la mita 8 hivi, linalokunjwa ndani ya roketi, kisha linafunguka na kuzunguka huko juu. Na bado, kwa masafa hayo, doa moja la picha litakuwa na upana wa kilomita 15 hivi.

Sasa fikiria pwani. Nchi kavu nayo inang'aa karibu kama barafu. Doa likishika nchi kavu na maji pamoja, hesabu inaweza kukuletea barafu mahali hakuna barafu. Na Wainuiti wa Greenland na Kanada wanaishi wapi? Hapo hapo pwani. Yaani mtu anayekanyaga barafu kwa miguu yake ndiye ramani inamkosea zaidi.

Kuna watakaosema basi chombo hiki ni dharau tupu. Sikubali. Bila hesabu ya bahari nzima, iliyoanza kuwekwa kwa setilaiti miaka ya 1970, hatungejua barafu ya Aktiki imepungua kiasi gani. Lakini pia sikubali ukiniambia fizikia haina upendeleo, mambo yameisha. Ukubwa wa dishi umeamuliwa na watu, wakiwa na bajeti mkononi. Upofu uliotangazwa naweza kuuvumilia, ule uliofichwa ni uongo. Ramani ioneshe wazi mahali isipokuwa na uhakika, na hapo ukingoni neno la mwindaji lihesabiwe kama kipimo, lisiwe pambo la ripoti.

Radiometa kama AMSR2 yenyewe haijiamini hivyo. Kila mzunguko hutazama kitu cha moto na anga baridi, vitu ambavyo joto lake linajulikana, ndipo ijisahihishe. Sisi tunaosoma ramani tunaweza kufanya vivyo hivyo: kabla ya kuamini, tumuulize aliyesimama pale.