Wawili Wakikubaliana, wa Tatu Aliulizwa?



Mwezi uliopita mume na mke walikuja kwangu jioni. Wameniruhusu niandike, na nimebadilisha mambo machache ili wasijulikane. Wameoana miaka 14. Mume anavua omena kisiwani Remba, na saa zingine miezi miwili inapita Bondo hatujamwona. Mke anauza nguo hapa sokoni. Walichoka kushukiana na kupekuana simu, kwa hivyo wakaketi chini wakakubaliana: wakiwa mbali, kila mmoja ana ruhusa ya kuwa na mtu mwingine. Wakaweka masharti. Asiletwe nyumbani. Pesa ya shule isiguswe. Kinga itumike. Ukiulizwa, sema ukweli.

Mke akaniuliza, "Mama, mpango wa kando ni dhambi kwa sababu ni uongo. Sisi hatudanganyani. Sasa dhambi iko wapi?"

Wapendwa, tusilicheke hilo swali. Mnakumbuka lile tangazo la kondomu la 2013, la mama aliye na mume na pia mpango wa kando? Viongozi wa dini walilalamika na likaondolewa kwenye televisheni. Tangazo lilienda, swali likabaki manyumbani mwetu.

Ningeweza kuwatisha na ugonjwa. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta kwamba hapa Siaya karibu watu wazima 15 kwa kila 100 wanaishi na virusi vya ukimwi. Lakini dawa zipo, kinga ipo, na wao walikuwa wamefikiria hayo yote. Nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nikisikiliza yale masharti yao, na mimi nilikuwa ndani yake.

Wengi wenu mnanijua kama mama wa maombi. Kabla ya kuokoka nilikuwa nikinunua omena ufuoni Usenge. Mnajua habari ya jaboya: bila mvuvi wako, unaweza kusimama na karai lako mpaka jua likuchome, na samaki wote wameenda kwa wengine. Wangu alikuwa na mke. Nilipomuuliza, akasema, "Usiogope, mama watoto anajua. Tulikubaliana." Na ilikuwa kweli, sikudanganywa. Lakini mimi nilikuwa na watoto wawili wa kulisha, na ningesema hapana, ningerudi nyumbani na karai tupu. Hao wawili walikubaliana juu yangu. Kwenye kikao chao mimi sikuwa na kiti.

Basi nikamuuliza yule ndugu, "Huyo wa Remba anaitwa nani?" Akaangalia chini. Mke akamwangalia. Katika masharti yao yote hakukuwa na hata moja la kumlinda huyo mwanamke.

Tukafungua Mwanzo 16. Sara hakudanganywa. Wazo lilikuwa lake mwenyewe, na Ibrahimu akakubali. Hajiri hakuulizwa. Someni sura hiyo polepole: wakimzungumzia, Sara na Ibrahimu humwita mjakazi tu. Wa kwanza kumwita kwa jina lake ni malaika, kule jangwani kwenye chemchemi, akiwa ametoroka na mimba. Na yale makubaliano ya hiari hayakumaliza hata hiyo mimba kabla Sara hajamlaumu mumewe.

Yule ndugu akasema, "Lakini babu zetu walikuwa na wake wengi." Ni kweli, na sheria ya ndoa ya 2014 bado inaruhusu hivyo katika ndoa za kimila. Kanisa letu halifundishi hivyo. Lakini hata babu huyo alimjengea kila mke nyumba: Mikayi na yake, Nyachira na yake, Reru na yake. Watu walimjua, na watoto wake walijua baba yao. Huyu wa Remba hata jina hatajwi.

Ndiyo jibu langu. Ukweli kati ya mume na mke ni jambo zuri, lakini hautoshi kufanya tendo liwe safi, kama tendo lenyewe linamtumia mtu ambaye hamkumhesabu. Anania na Safira pia walikuwa wamepatana.

Paulo, katika 1 Wakorintho 7, anajua kwamba wanandoa wanaweza kupatana kukaa mbali kidogo: kwa muda, kwa ajili ya maombi, kisha warudiane. Nikawauliza, makubaliano yenu yanawarudisha kwa nani? Hapo ndipo mke alilia. Akasema hakutaka mwanaume mwingine hata siku moja. Alikubali kwa sababu aliogopa kuachwa. Mumewe alikuwa hajawahi kusikia hayo.

Sitawadanganya kwamba yameisha. Tumeanza na kitu kidogo. Mwezi ukiwa mkubwa omena hazivuliwi vizuri, kwa hivyo siku hizo arudi Bondo badala ya kubaki kisiwani. Nauli ni kitu, lakini wamekubali. Nimemwomba pia asimtoroke yule mama kama mwizi. Amwambie ukweli, na aendelee kumuuzia samaki kwa bei ya haki, mchana, mbele ya watu.

Na wewe unayesoma hili ukiwa ndiye wa tatu, umekaa nyuma kabisa kanisani: Mungu alimwona Hajiri, na aliniona mimi pale Usenge. Njoo tuombe pamoja. Kwanza utaniambia jina lako.