Rejeta Mpya Katika Corolla ya Zamani

Mwenye Toyota Corolla 110 akiingia kwenye maduka ya spea ya Kariakoo kutafuta rejeta, haulizwi kwanza gari lake linaumwa nini. Anaulizwa anataka ipi: ya Japani mpya, ya Japani iliyotumika, ya Taiwan au ya China. Kila jina linalotajwa linashusha bei, na sauti ya muuzaji nayo inashuka. Nairobi, kwenye Barabara ya Kirinyaga ambayo wengi bado wanaiita Grogan, mteja anakutana na orodha hiyohiyo. Anadhani kinachopimwa ni mfuko wake. Kumbe amekwishaingizwa kwenye ugomvi wa zamani sana wa wanafalsafa na mafakihi: kitu kikibadilishwa kiungo, kinabaki kilekile? Na kiungo kinakuwa halali kwa kutoka kwa nani?

Tuanze na chuma chenyewe, maana falsafa isiyoshika spana huwa inapaa haraka. Corolla za kizazi hicho zilianza kuuzwa Japani mwaka 1995, na zile zinazotembea leo mitaani zimevuka umri wa madereva wake wengi. Rejeta ya gari la namna hiyo kwa kawaida ina mapezi na mirija ya alumini, na matangi ya plastiki: nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo. Meno madogo ya alumini yamekunjwa kubana tangi juu ya mpira mwembamba. Miaka inavyopita, plastiki nyeusi inageuka kahawia na kukauka kama biskuti iliyosahaulika kabatini, mpaka siku moja shingo inayoshika mpira wa juu inapasuka, na mara nyingi hiyo siku ni ya foleni.

Mzigo wa kifaa hicho ni mzito kuliko sura yake. Katika injini ya petroli, takriban theluthi ya nishati ya mafuta huishia kwenye maji ya kupozea. Hata mfuniko una kazi yake. Ukiandikwa 0.9, maana yake unabana mgandamizo kiasi kwamba maji yakiwa Dar es Salaam yanaweza kufika karibu nyuzi 118 bila kuchemka. Springi ikilegea, yanachemka kwenye 100. Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, yanachemka mapema zaidi, nyuzi 94 au 95. Gari likichemsha mara mbili tatu silinda hedi inapinda, gaskiti inaungua, na mwenye gari anaanza kuzungumza na fundi kwa upole ambao hajawahi kuuonyesha hata kwa wakwe zake.

Kwa hiyo rejeta lazima ibadilishwe. Hapo ndipo Plutarko anapoingia gereji.

Mwandishi huyo Mgiriki alisimulia kwamba Waathene walitunza merikebu ya shujaa Theseus kwa vizazi vingi. Ubao ukioza wanautoa na kutia mpya, hata wanafalsafa wakagawanyika: wengine wakisema merikebu ni ileile, wengine wakisema siyo. Mwaka 1655 Mwingereza Thomas Hobbes alikoleza moto katika kitabu chake De Corpore. Tuseme kuna mtu aliyekuwa akiokota zile mbao za zamani moja moja, kisha akaziunganisha upya kwa mpangilio wake wa awali. Sasa merikebu ni mbili. Ipi ya Theseus?

Hobbes aliona hilo kama kitendawili cha kumkera mpinzani. Afrika Mashariki ni biashara. Magari yaliyochoka Japani hukatwa, nusu ya mbele ikapakiwa kwenye kontena pamoja na injini, giaboksi, feni na rejeta yake, na mbao za Theseus zikashushwa bandarini zikiwa bado na vumbi la barabara za kule. Mnunuzi basi anakuwa na chaguo ambalo Hobbes hakulifikiria: rejeta halisi ya kiwanda iliyokwishafanya kazi miaka 20, au mpya kabisa iliyotengenezwa na kiwanda ambacho Toyota haikukituma. Ya kwanza ina asili lakini plastiki yake iko karibu na kupasuka. Ya pili ina nguvu, na haina nasaba.

Serikali zimejitoa kwenye mjadala huu kwa ujanja wa makarani. Kadi ya gari ya Tanzania, sawa na logibuku ya Kenya, inatambua gari kwa namba ya chasi, na namba ya injini inaandikwa pembeni yake. Badilisha milango, viti, taa, rejeta, hata rangi ukitoa taarifa, gari ni lile. Ukifuta namba ya chasi, hata kama hujagusa msumari mwingine, umeingia kwenye jinai. Ni jibu la kibabe lakini si la kipumbavu: utambulisho umewekwa mahali pamoja, ili watu waweze kudaiana, kukatiana bima na kufikishana mahakamani. Tatizo ni kwamba rejeta haimo kwenye kadi. Ukweli wake umeachiwa ndimi za watu.

Na ndimi hizo zinasema mambo ya ajabu. Mtu analipa bei kubwa apate rejeta "ya Toyota yenyewe", wakati sehemu kubwa ya vifaa vinavyobeba jina la mtengenezaji wa gari havitoki kwenye kiwanda chake. Kampuni ya Denso, inayotengeneza rejeta miongoni mwa vitu vingi, ilitengwa kutoka Toyota mwaka 1949 ikaitwa Nippondenso, na jina la sasa ililichukua mwaka 1996. Rejeta iliyotoka kwenye mstari uleule wa uzalishaji inaweza kuuzwa ndani ya boksi la Toyota au ndani ya boksi la Denso, kwa bei mbili tofauti. Umoja wa Ulaya ulilazimika kuliandikia kanuni suala hili mwaka 2002: spea iliyotengenezwa na msambazaji wa kiwanda, kwa vipimo vya kiwanda, inahesabiwa kuwa spea halisi hata kama haijapitia kwa mtengenezaji wa gari. Kanuni hiyo ikatambua pia daraja jingine, la spea zenye ubora unaolingana, ambazo hazidai asili yoyote bali zinadai kufanya kazi sawasawa.

Basi uhalisi haumo ndani ya alumini. Ukiipeleka maabara rejeta ya boksi la Toyota na ile ya boksi la Denso, hakuna chombo kitakachokuonyesha tofauti ya bei. Kinachouzwa ni habari: nani aliitengeneza, nani aliipokea, nani aliisafirisha, nani anaiweka kaunta. Waislamu wa pwani wanaujua utaratibu huu vizuri kuliko wanavyodhani, kwa sababu ndio uliojenga elimu ya hadithi. Bukhari, aliyefariki mwaka 870, na Muslim, aliyefariki mwaka 875, hawakuridhika na maneno mazuri. Walitaka isnadi, mnyororo wa wapokezi, na kila mpokezi alipimwa mambo mawili: uadilifu wake, na umakini wake katika kuhifadhi. Mtu mwema mwenye kusahau ovyo hakutosha. Mwenye kumbukumbu kali lakini mwongo hakutosha zaidi. Mnyororo ukikatika mahali, habari inashuka daraja hata kama matini, yaani maneno yake, yanapendeza.

Pima maduka kwa kipimo hicho uone. Boksi lenye nembo inayong'aa ni matini nzuri. Isnadi yake iko wapi? Muuzaji aliipata kwa jumla kwa mtu, ambaye aliipata kwa mtu wa kontena, ambaye jina lake halitajwi. Tanzania ina Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, na Kenya ilitunga sheria yake dhidi ya bidhaa bandia mwaka 2008, lakini sheria haikai kaunta. Kwa mizani hii, rejeta ya China inayouzwa na mtu anayesema waziwazi "hii ni ya China, mama, ina waranti ya miezi mitatu, ikivuja irudishe" ina isnadi safi kuliko boksi la Kijapani lililotoka gizani. Inauzwa kwa jina lake.

Lakini wanazuoni hawakuishia kwenye mnyororo. Walikagua na matini yenyewe. Fundi mzuri hufanya hivyohivyo kabla hajafungua klampu hata moja. Anaziweka rejeta mbili sakafuni, ya zamani na mpya, ubavu kwa ubavu. Anatazama vijiti vya chini vinavyoingia kwenye raba za fremu, matundu ya bolti za feni, unene wa mapezi, kipenyo cha shingo za mipira. Kwenye spea zisizo za kiwanda hizi ndizo sehemu zinazosaliti: tundu limehama milimita chache, na kijana wa gereji anaanza kuwaza kutumia waya.

Halafu anapindua tangi la chini. Gari la giaboksi otomatiki linahitaji rejeta yenye kipozeo cha mafuta ya giaboksi kilichofichwa humo, kinachojulikana kwa vishimo viwili vya kuunganishia mabomba. Rejeta ya gari la giaboksi la mkono inaweza kufanana na hiyo kwa kila kipimo, ikaingia kwenye fremu bila ugomvi, ila vishimo hivyo haina. Mtu mwenye haraka, au mwenye mteja asiye na hela ya kuongeza, anayachukua mabomba mawili ya giaboksi na kuyaunganisha yenyewe kwa yenyewe kwa kipande cha mpira. Gari linawaka. Mshale wa joto unakaa katikati. Mteja anashukuru na kuondoka, na mafuta ya giaboksi yanazunguka bila kupozwa, yakiungua polepole, mpaka gia zianze kuteleza wakati ambapo hakuna atakayekumbuka habari ya rejeta.

Hapa ndipo wale wanaosema kitu ni kazi yake tu wanapobanwa. Aristotle alifundisha kwamba kujua kitu ni kujua pia kipo kwa ajili ya nini, na ni hoja yenye nguvu: rejeta ni kile kinachopoza, na mengine ni mapambo. Ila kazi ya kitu haionekani yote kwa mara moja. Rejeta ile inapoza injini vizuri kabisa, ikaacha kazi ya pili ambayo mwenye gari hakujua kama ipo. Aliyejua ni fundi. Swali basi linahama kutoka kwenye chuma na kwenda kwenye dhamana: nani alijua, na alisema?

Karne ya 13 wanazuoni wawili ambao hawakuwahi kukutana walilishughulikia jambo hili, na wote wawili walitumia wanyama. Thomas Aquinas, aliyefariki mwaka 1274, aliandika kwamba muuzaji anawajibika kutaja kasoro iliyofichika, lakini farasi mwenye jicho moja hana haja ya kutangazwa, mradi bei imepunguzwa kulingana na kasoro, maana jicho linaonekana. Imam Nawawi wa Sham, aliyefariki mwaka 1277, naye aliandika Minhaj, kitabu kikuu cha madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki. Humo kuna suala la muuzaji anayeweka sharti kwamba hatawajibika kwa aibu (kasoro) yoyote, yaani kauli ya leo ya "chukua kama lilivyo". Nawawi analikubali sharti hilo mahali pamoja pembamba: aibu ya ndani, ya mnyama, ambayo muuzaji mwenyewe hakuijua. Kwingineko sharti halimwokoi. Na sababu iliyotolewa na wafafanuzi ni kwamba mnyama anakula, hali yake inageuka kati ya afya na maradhi, na ni nadra akose ugonjwa uliojificha.

Je, Corolla ya miaka 30 ni mnyama? Inakula, inageukageuka, na ni nadra ikose ugonjwa uliojificha. Mtu anaweza kujaribu kuipenyeza kwenye mlango huo wa Nawawi, na dalali yeyote wa magari angefurahi. Hata hivyo mlango una kizingiti: ambayo muuzaji hakuijua. Tangazo la kwenye simu linalosema "gari halina shida yoyote, ni kuingia na kuwasha" limeandikwa na mtu aliyesimama gereji mchana kutwa akitazama mabomba yale mawili yakiunganishwa kwa mpira. Huyo hana pa kujificha, si kwa Nawawi wala kwa Aquinas.

Rejeta yenyewe ya Taiwan ni kesi nyingine, na hapa kuna watu wacha Mungu wanaojitesa bure. Aibu katika fiqhi ni upungufu unaoharibu kitu au thamani yake, katika jambo ambalo vitu vya jinsi ile kwa kawaida husalimika nalo. Corolla za umri huo hazisalimiki na rejeta ya kubadilishwa. Ambayo bado ina ya kiwanda ndiyo ya kushangaza, na mnunuzi mwerevu ataitilia shaka zaidi. Kwa hiyo anayeuza gari lake lenye rejeta isiyo ya kiwanda, yenye kipozeo chake na bolti zake nne, hadaiwi tangazo wala toba. Mnunuzi akifungua boneti ataiona, inang'aa katikati ya vyuma vilivyochakaa, na jicho la farasi lipo wazi. Akiuliza ni ya wapi, aambiwe. Asipouliza, bei ya gari la 1995 imekwishamwambia. Kipande cha mpira kwenye mabomba ya giaboksi ndicho kinachotakiwa kutajwa kabla hela hazijahesabiwa, na kama muuzaji anaona kukitaja kutamwondoa mnunuzi, basi amekwishapata hesabu ya gharama ya kukitengeneza.