Moto Usiokula Kuni

Ugogo mwezi wa Juni una baridi ambayo mgeni haitarajii. Aliyezoea kusikia habari za Dodoma huambiwa juu ya jua, vumbi, mibuyu na ukame. Haambiwi kwamba uwanda huu uko kiasi cha meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, wala kwamba usiku wa kipupwe upepo hupita juu ya mashamba ya mtama yaliyokwisha vunwa ukamfikia mtu hadi mifupani. Ndiyo sababu katika tembe za zamani jioni ilianzia motoni. Hapo wazee walizungumza, watoto wakategana vitendawili, na jirani aliyezimikiwa na moto wake akaja kuomba kaa.

Nayasema haya ili msomaji aielewe aibu iliyonipata usiku mmoja wa Juni, mwaka 1997, nilipokuwa mwalimu katika shule moja upande wa Bahi, magharibi ya mji wa Dodoma.

Wanafunzi walitaka kuigiza kile kisa maarufu cha Abunuwasi. Wengi wetu tulikisikia utotoni. Maskini mmoja aliahidiwa mali akiweza kukaa usiku kucha ndani ya maji ya baridi. Akakaa. Asubuhi akaulizwa aliwezaje, naye kwa unyofu wake akasema kwamba aliuona moto kwa mbali, ukamtia moyo. Basi, akaambiwa, wewe umeota moto, hupati kitu. Abunuwasi akawaalika wakubwa wale chakulani, akatundika chungu juu kabisa mtini na kuwasha moto chini. Saa zikapita, njaa ikawauma, wakauliza ni chakula gani hiki kisichoiva. Akawajibu kwamba moto uliompasha mtu joto kutoka ng'ambo hauwezi kushindwa na chungu kilicho juu yake. Maskini akalipwa haki yake.

Mchezo huo hauchezeki bila moto. Lakini mkuu wa shule alikataa moto ndani ya jengo, na sikumlaumu. Miaka 3 tu ilikuwa imepita tangu bweni la wasichana wa Shauritanga, mkoani Kilimanjaro, liungue usiku mwezi wa Juni 1994 na kuua wasichana zaidi ya 40. Mwalimu yeyote aliyeisikia habari ile hakuutazama tena mshumaa kwa jicho lilelile. Tukaamua kutengeneza moto wa bandia, na fedha tuliyokuwa nayo ilitosha betri na gundi, basi.

Wahenga walisema moto huzaa majivu. Wetu ulizaliwa na majivu. Wapishi wa shule walitupa majivu yaliyopoa pamoja na vijinga vya jana yake, vyeusi nchani na vyeupe ubavuni, tukavihakikisha kwa mkono kuwa vimezimika kabisa. Tukaweka mafiga matatu. Katikati tukaficha tochi ndani ya kopo, mdomo ukielekea juu. Mwanzoni tuliifunika kwa karatasi nyekundu za pipi, mahali pote pakaonekana kama bucha. Tukajifunza kuwa moto si mwekundu: tuliweka karatasi za njano katikati na nyekundu pembeni. Hata hivyo mwanga ulisimama tuli, na moto hautulii. Hapo kijana mmoja wa darasa la sita akatoboa kifuniko cha debe kwa msumari, akajificha nyuma ya gogo akikichezesha juu ya tochi kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulishika kipepeo cha ukindu, akavipepea vipande vya kitambaa chepesi cheupe tulivyovifunga vijingani. Mwanga ukaingia vitambaani, vitambaa vikapanda na kushuka. Wote tulinyamaza. Ulikuwa moto. Hata harufu yake ilikuwapo, kwa sababu majivu na vijinga vilikuwa vya kweli.

Usiku wa mchezo wazazi walikuja. Mbele kabisa, juu ya kigoda, aliketi bibi mmoja wa kijijini ambaye macho yake yalikuwa yameanza kumtoka. Abunuwasi alipowasha moto wake, bibi yule alikivuta kigoda chake taratibu, akasogea hadi ukingoni mwa jukwaa, akanyoosha mikono yote miwili ili aote moto.

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini walicheka. Na ghafla ndimi za moto zikaanguka, zikalala majivuni. Baadaye nilimwuliza yule kijana kwa nini aliacha kupepea. Akasema, "Mwalimu, niliiona mikono ya bibi. Nilishindwa kumpepea uongo."

Neno lile halijanitoka. Je, tulikuwa tumesema uongo?

Plato, yule Mgiriki wa kale, asingesita kujibu. Katika kitabu chake juu ya jamhuri aliwatilia shaka waigaji wote, akatoa mfano wa kitanda: seremala hutengeneza kitanda cha kulalia, mchoraji hutengeneza sura ya kitanda tu, na sura hailaliwi. Mwanafunzi wake Aristotle alikuwa mpole zaidi. Aliona kuwa binadamu huiga tangu utotoni, na kwamba kwa kuiga hujifunza na kufurahi. Mimi nawakubali wote wawili nusu nusu. Sura ya kitanda si uongo mpaka umwuzie mtu mwenye usingizi.

Tazama Mwenge wa Uhuru. Ulipowekwa juu ya Kilimanjaro na Luteni Alexander Nyirenda usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, haukumpasha joto mtu yeyote wa Dodoma, wala haukuivisha ugali wa mtu. Hakuna aliyenung'unika kuwa amedanganywa. Kila mtu alijua kuwa ule ni moto wa ishara, na ishara ndiyo aliyoifuata. Kwa hiyo uongo haumo katika kutokupasha joto. Wala haumo katika kufanana: waliokaa nyuma waliuona moto uleule alioona bibi, lakini wao walikuwa wameingia wakijua kuwa ni mchezo. Kati yetu na wao palikuwa na mapatano. Kati yetu na bibi hapakuwa nayo. Macho yake hayakumwezesha kuyaingia, nasi hatukumwambia.

Hapa mtu atasema: basi ungetengeneza moto mbaya zaidi, kila mtu ajue kuwa si wa kweli. Sikubali. Kazi ovyo si ukweli, ni kazi ovyo tu. Ninachoamini ni hiki, kwamba jinsi mwigo unavyokuwa mzuri ndivyo deni la mwigaji linavyokua. Aliyetengeneza kitu kinachofanana sana na kile ambacho watu wanakihitaji lazima afikirie kabla ni nani atakayekuja na mikono ya baridi. Wakubwa wa kisa cha Abunuwasi walikosa kinyume chake: walijua fika kuwa moto wa mbali haupashi, lakini kwa kuwa kusema hivyo kungewagharimu mali, wakauita joto. Moto ulikuwa wa kweli, na bado wao walikuwa waongo.

Kiswahili chetu kina neno moja, kuota, kwa mtu aliye usingizini na kwa mtu aliye mbele ya moto. Nadhani walioiachia lugha neno hilo walitutegea kitendawili. Mwotaji wa ndoto na mwota moto wanafanana kwa nje. Tofauti huonekana wanapoinuka: mmoja anainuka na joto.

Mchezo ulipokwisha nilimwendea bibi. "Mbukwenyi," nilimwamkia, nikamwomba radhi kwa jinsi tulivyomchekesha watu. Alinisikiliza, kisha akaomba aushike ule moto. Akapapasa kitambaa, akapapasa karatasi za pipi, akacheka peke yake kwa muda.

"Mwanangu," akasema, "nimechanja kuni tangu ningali msichana. Sijapata kuona moto usiokula kuni. Huu wenu mzuri."

Sikuwa na jibu. Mimi nilikuwa nikipima ukweli na uongo, yeye alikuwa akihesabu mizigo ya kuni. Huu ndio mkoa ambao serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973, na mwaka 1979 ikaondoa mifugo katika nyanda za Kondoa zilizoliwa na mmomonyoko. Mwanamke aliyezeeka katika nchi ya namna hiyo anajua bei ya kila ukuni.

"Ila mikono yangu bado ina baridi," akaongeza. "Huko jikoni kwenu hakuna ule unaokula?"

Tukampeleka jikoni. Yule kijana wa kipepeo ndiye aliyemshika mkono, akamwekea kigoda, akachochea. Walikaa hapo hadi wengine wote walipokwisha kuondoka. Alipoaga, bibi aliuliza kama vile vijinga vya mchezo bado tunavihitaji. Tulikuwa tumepanga kuvihifadhi kwa mwaka ujao. Kijana hakuningoja nijibu. Alivifungua vitambaa kimoja kimoja, akavifunga vijinga kwa kamba na kuvibeba hadi nyumbani kwake.

Asubuhi, nikielekea darasani, niliona moshi ukitoka katika tembe ya bibi yule.