Mzee Mgonjwa wa Moyo na Haki Yake ya Kutibiwa

Alhamdu lillahi, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baadu.

Ndugu Waislamu, mara nyingi husemwa juu ya mzee augue moyo: “Umri umekwisha; mwacheni.” Maneno haya si tawakali. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mabedui juu ya kujitibu, aliwaamrisha watafute dawa, akawaeleza kuwa kila ugonjwa Mwenyiezi Mungu ameushushia dawa, ila mmoja tu, nao ni uzee. Basi yatupasa kupambanua: lipi ni uzee, na lipi ni ugonjwa uliomkuta mzee.

Chukueni mfano wa kilango cha moyo kipitishacho damu kwenda katika mshipa mkuu. Kwa baadhi ya wazee kilango hicho hushikwa na chokaa kikawa kigumu, kisifunguke sawasawa. Mgonjwa huishiwa na pumzi, kifua humbana, na pengine huzimia. Huo ni ugonjwa, wala si uzee. Zamani ilikuwa lazima kifua kipasuliwe na moyo usimamishwe, na wazee wengi walio dhaifu hawakuweza kustahimili. Mwaka 2002, tabibu Alain Cribier wa mji wa Rouen, Ufaransa, alipitisha kilango kipya ndani ya mishipa mpaka moyoni, bila ya kupasua kifua.

Mwaka 2010 ilitangazwa khabari ya wagonjwa 358 wasioweza kupasuliwa, wastani wa umri wao miaka 83. Baada ya mwaka mmoja, katika kila 100 waliotibiwa kwa njia za kawaida walikufa kiasi cha 51. Na katika kila 100 waliotiwa kilango kwa njia ya mshipa, kiasi cha 31. Hesabu hii yamkosoa asemaye “mwacheni”. Nayo yamkosoa vilevile adhaniye kuwa tabibu huzuia mauti. Tena waliotiwa kilango walipatwa na kiharusi zaidi kuliko wenzao.

Kwa hiyo, kwanza, mzee apelekwe kwa tabibu mjuzi, aelezwe faida na khatari bila ya kufichwa.

Pili, aulizwe mwenyewe. Katika madhehebu ya Imamu Shafi kujitibu ni sunna, si faradhi. Mzee mwenye akili timamu akikataa, mtoto asimlazimishe. Na akitaka, ole wake mtoto amnyimaye kwa kuionea uchungu mali ambayo bado si yake! Mali ya mzee ni ya mzee maadamu yu hai.

Tatu, kabla ya matibabu aandike wasia, alipe madeni, atakane radhi na watu. Hayo hayaharakishi mauti; humpa mgonjwa moyo uliotulia.

Mwenyiezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, na atujaalie wema kwa wazee wetu. Amin.