Tahadhari na Upendo: Je, Vyaweza Kukaa Pamoja Mjini?



Wahenga walituachia neno fupi: Tahadhari kabla ya hatari. Hakuna alikataaye. Lakini kwetu sisi tukaao mjini neno hili limezaa swali gumu. Mtu ajihadhariye na kila amkutaye, aweza bado kusema ya kwamba ampenda jirani yake? Na yeye ampendaye jirani, je, imempasa kufumba macho hata aibiwe? Twataka kulipima swali hili pamoja nanyi.

Kijijini mtu hujulikana kwa jina la baba yake na kwa shamba la babu yake. Dar es Salaam si hivyo. Mwaka 1948 mji huu ulihesabiwa watu wapatao 70,000. Katika sensa ya mwaka 2022 mkoa wake ulikuwa na watu 5,383,728. Mtu apitaye Kariakoo asubuhi moja hukutana na nyuso nyingi kuliko alizoziona babu yake mwaka mzima. Yeye hazijui, wala zenyewe hazimjui. Katika kutojuana huku ndimo wajanja wajifichamo, kama chui majanini.

Hila zao yafaa zijulikane. Katika stendi ya Mbezi Luis, iliyochukua kazi ya stendi ya Ubungo mwaka 2021, msafiri hushuka amechoka. Mara mtu asiyemwita ashika begi lake na kutangulia mbele. Mwingine auziwa simu nzuri kwa bei ya kutupa, nayo hubadilishwa kwa wepesi wa mkono. Akifika nyumbani akuta kipande cha sabuni. Mwingine aona bunda la fedha njiani, na mtu aliyeliokota amwambia, Twende pembeni tukagawane. Huko pembeni ndiko atakakoziacha fedha zake mwenyewe. Mlangoni pa daladala, watu wakisukumana, kibaka huingiza vidole mfukoni. Na tangu fedha zilipoanza kutumwa kwa simu katika nchi yetu, mwaka 2008, mwizi hana haja hata ya kutoka nyumbani: huandika tu, Ile hela itume kwa namba hii, au hujifanya mhudumu wa kampuni, akaulizia namba ya siri.

Tukizitazama hila hizi, twaona ya kuwa karibu zote zasimama juu ya miguu miwili: haraka, na tamaa au hofu. Tapeli hampi mtu nafasi ya kufikiri, wala ya kumwuliza mwenziwe. Basi dawa ya kwanza si kukunja uso, ni kutulia. Akwambiaye, Fanya sasa hivi wala usimwambie mtu, huyo umwambie, Hapana. Aliyeandikiwa ya kuwa fedha zimeingia kwake kwa makosa, na aangalie salio lake kwanza, asiuamini ujumbe tu. Namba ya siri asiambiwe mtu yeyote. Ujumbe wa kitapeli waweza kupelekwa kwa namba 15040, ili mwenye kuuandika azuiwe asimpate mwingine. Hilo nalo ni tendo la upendo, kwa maana aokoaye nafsi yake peke yake amefanya nusu ya kazi.

Wako wasemao: Sisi Mungu atulinda, tahadhari ya nini? Twawajibu hivi: mtu afungaye mlango wake usiku hamkani Mlinzi wake. Tena vitu tuvichukuavyo si vyetu peke yetu. Ni ada ya mtoto, ni akiba ya kikoba, ni sadaka ya usharika. Mweka hazina apandaye bodaboda usiku, na mkoba wa fedha za wenzake ukining'inia begani upande wa barabara, asijisifu kwamba ana imani. Amezichezea jasho za watu. Kujihadhari, basi, ni sehemu ya uaminifu.

Lakini kuna hatari ya pili, nayo husemwa kidogo. Tahadhari ni jambo moja, na shaka ni jambo lingine. Tahadhari hutazama tendo. Shaka hutazama uso. Tahadhari huuliza: Mtu huyu ataka nini kwangu, na kwa nini ataka upesi? Shaka huuliza: Amevaa nini, ni wa kabila gani, atoka mtaa gani? Tapeli stadi huvaa vizuri na husema kwa adabu. Kijana mwenye suruali iliyochanika huenda ndiye atakayekufuata mbio akurudishie pochi uliyoiangusha. Kumdhania mtu mabaya kwa sababu ya nguo zake ni dhuluma. Tena ni ujinga, maana humfungulia mlango mwizi aliyevaa tai.

Shaka ikikomaa huzaa kilio kile tukijuacho sote: Mwizi! Mmoja apiga kelele, kumi wakimbia, na wa kumi na moja ashika jiwe asijue hata kilichoibwa. Hakuna aulizaye aliyeibiwa ni nani, wala kama aliyekamatwa ndiye. Katiba yetu, katika ibara ya 13, yakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitishwa. Na ibara ya 14 yalinda uhai wa kila mtu. Mwananchi aonaye uhalifu ukitendeka aweza kumkamata mhalifu, ila ampeleke polisi bila kukawia. Jiwe halimo. Simu iliyoibwa hununuliwa nyingine. Mtu aliyeuawa barabarani hapatikani tena dukani. Nasi tulio na sauti katika mtaa, tukisimama pale kimya, twadhani mikono yetu ni safi?

Na tuseme nini juu ya mtu alalaye kando ya njia, akiugua? Wengi hupita, wakiogopa kwamba ni mtego. Hofu hiyo si ya bure, tena si ya leo. Hata njia ya kushuka Yeriko ilikuwa na wanyang'anyi, na waliopita kando labda walikuwa na hofu hiyohiyo. Njia iko. Usiende peke yako. Mwite wa pili na wa tatu, simameni mahali penye mwanga, pigeni namba 112. Hapo tahadhari na upendo zimeshikana mikono: upendo umekataa kupita, na tahadhari imekataa kwenda peke yake.

Hili ndilo jibu letu. Ulinzi mkubwa wa mji haumo katika kufuli wala katika vipande vya chupa juu ya ukuta. Umo katika kujuana. Jueni majina ya majirani wa kulia na wa kushoto. Mgeni atokaye bara afundishwe hila hizi siku ya kwanza, bila kuchekwa. Mzee wa nyumba ya pili asaidiwe kusoma ujumbe wa simu yake. Walimu, wafundisheni vijana kufungua macho bila kufunga mioyo. Maana mji ambao kila mtu amlinda mwenziwe, mwizi hupata shida kukaa humo.