Mkanda wa Mtu Mwingine

Zenit-E yangu, kamera ya Kirusi isiyohitaji betri, niliinunua mtumba pale Mlango Mmoja, Mwanza. Ndani mlikuwa na mkanda. Nikausafisha. Picha moja tu ilitoka vyema: mama ameketi juu ya mzigo bandarini, anacheka, nyuma yake meli, jina halisomeki.

MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikaua mamia, na baadhi yao wamezikwa Igoma. Je, mama huyu alikuwamo? Nikiitundika picha sokoni, huenda nikamrudishia mtu mama yake. Huenda pia nikafukua msiba uliokwisha zikwa.

Rafiki yangu asema kilichonunuliwa ni mali ya mnunuzi. Kamera, sawa. Kicheko kile sikukilipia. Jumamosi nitakwenda kwa yule muuzaji nimwulize aliipata kwa nani.