Anayeuliza Anajua Nini?

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anapoomba msaada wa kemia, huibuka swali la kale: mtu atatafutaje asichokijua, na akikipata atakitambuaje? Mwanafalsafa Plato alilijadili katika kitabu chake Meno, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Humo Socrates anamuuliza kijana mtumwa swali baada ya swali mpaka aone jinsi ya kupata mraba wenye eneo maradufu.

Wilayani Rusizi, Rwanda, mfano uko karibu. Kiwanda cha saruji cha Cimerwa, Bugarama, huchoma mawe ya chokaa. Gramu 100 za kalisi kabonati zikichomwa kikamilifu huacha gramu 56 za chokaa na kutoa gramu 44 za hewa ya ukaa. Anayetajiwa 44 amepata jibu, kemia bado. Akiulizwa uzito uliopungua umekwenda wapi, hulazimika kuifikiria gesi asiyoiona, na hapo ndipo wengi hukwama.

Socrates, hata hivyo, alikuwa na bahati: mraba huchoreka mchangani, moli, kipimo cha kiasi katika kemia, haichoreki. Kwamba uzito wa atomi ya kalisi ni 40 haligunduliwi kwa kuulizwa. Hupokewa kwa kumwamini mwalimu na jedwali. Kujumlisha 40 hiyo, 12 ya kaboni na 48 ya oksijeni ni kazi nyingine, na hiyo mwanafunzi akifanyiwa, haimfai kitu.

Lugha nayo imo. Rwanda iliamua mwaka 2008 kufundisha kwa Kiingereza badala ya Kifaransa; ng'ambo ya mto wa mpakani, mjini Bukavu, Kifaransa kingalipo. Wanafunzi wa pande hizo mbili wakisaidiana kwa Kiswahili, istilahi walizokariri hazifanani, hivyo hubaki kuelezana hesabu yenyewe.